Silansie ya Kigari Chekundu

Kaka Bonane,

Usinikasirikie kabla sijamaliza. Eshapema ya pikipiki yako, ile silansie ya kutolea moshi, niliing'oa. Niliing'oa wiki ya pili baada ya kukuzika, mimi mwenyewe, kwa spana yako namba kumi na mbili, na boliti moja iliyoshikwa na kutu nikaipiga nyundo mpaka ikakatika. Nilikuwa nalia na kutukana kwa pamoja. Mama alikuwa kule juu kilimani na hakunisikia, na hilo ni jema, maana maneno niliyokutukania hayasemwi mbele ya mama.

Nakuandikia kwa sababu nimeirudisha. Yaliyotokea baada ya kuirudisha sina mtu wa kumweleza. Papa Safari ni fundi wa kuchomelea, anaelewa vyuma tu. Mama anaelewa yote lakini hataki yasemwe. Umebaki wewe, na wewe huwezi kunikatiza maneno kama ulivyozoea.

Unakumbuka siku ulipoileta? Ulitoka nayo Sake, umeibeba mgongoni ndani ya mfuko wa mchele, ukaitua mezani juu ya maharagwe niliyokuwa nachambua. Silansie. Tena si ya pikipiki, ya gari, ya kile kigari kidogo chekundu cha milango miwili ambacho mtoto wa tajiri mmoja wa Goma alikuwa anakimbiza nacho mjini mpaka mawe ya volkano yakakipasua tumbo. Ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, inang'aa, na tundu lake mkono wangu wote uliingia. "Iyi njo sauti, Espe," uliniambia, "ngoja usikie." Nikakujibu kwamba mchukuzi wa maziwa mwenye pikipiki ya Kichina anahitaji eshapema ya gari la mbio kama ng'ombe anavyohitaji viatu. Ulicheka, ukafuta vumbi lake kwa kitenge changu. Kitenge changu kipya, Bonane, sijasahau.

Papa Safari naye alicheka siku mbili nzima, kisha akachomelea. Alikata bomba, akalikunja lipite chini ya kikanyagio cha kulia, akaifunga silansie nyuma kwa vyuma viwili kwa sababu ya uzito wake. Siku ulipoiwasha mara ya kwanza pale Kitshanga, kuku walikimbia na wanawake wa sokoni wakageuka. Haikuwa kelele ya kupasua masikio. Ilikuwa sauti nene inayotoka chini, mtu aliisikia kifuani kwanza. Nilikuona jinsi ulivyonyoosha shingo, nikasema moyoni: basi, kaka yangu amepata majivuno.

Kila asubuhi ulikuwa ukipanda nayo. Madumu nyuma, zile bidoni tupu za maziwa, barabara ya Pinga, kona ya mikaratusi, kisha njia ya kushoto mpaka kwenye mazizi ya kwetu na ya majirani, nyumba kumi na moja zinazokamua. Kabla jua halijawa kali ulikuwa umeshashuka na maziwa kwa yule mama anayetengeneza jibini nyuma ya soko. Na kila asubuhi mimi nilikuwa nikikupigia kelele juu ya kelele zako.

Siku ya mwisho nilikuambia, "Huo mlio utakuua. Watu wabaya wanakusikia tangu unatoka hapa, wana muda wa kuchemsha chai wakikungojea." Ulikuwa unafunga mpira wa bidoni. Ukaniambia bila kugeuka, "Na bale bazuri, Espe? Bale bazuri habasikie?" Nikaona unanichezea akili. Nikakuambia nenda basi na kelele zako. Sikusema safari njema. Nimekaa mwaka mzima na jambo hilo, kaka. Sikusema safari njema.

Yule muuza ndizi aliyekuwa anashuka kwa miguu ndiye aliyetuletea habari. Alikuwa juu ya barabara, akakuona kwenye kona ya mikaratusi mbele ya watu wenye bunduki. Alisimulia msibani mbele ya watu wote, na akarudia kila mgeni mpya alipoingia: "Balimuambia apite. Balimupungia mukono, pita, pita. Yeye akazima moteur." Halafu risasi.

Walikuambia upite! Maneno hayo yalinila. Mtu mwenye bunduki anakuambia pita, wewe unazima pikipiki. Kwa nini? Ili ubishane naye? Ili umuulize jina la mama yake? Nakujua, ulikuwa na mdomo, ulishawahi kubishana na mwalimu mpaka ukafukuzwa shule siku tatu. Nikaamua kwamba ulikufa kwa ukaidi na kwa mlio. Mlio uliwaita, ukaidi ukamaliza. Kila aliyekuja kunipa pole nilimwambia hivyo, na baadhi yao walitikisa kichwa kunikubalia.

Kwa hiyo nikaing'oa, nikaitia kwenye ule mfuko wake wa mchele na kuiacha karakanani kwa Papa Safari. Nikamwambia Papa Safari anifungie ya orijini, ile nyeusi ndefu iliyokuja na pikipiki, uliyoitupa nyuma ya karakana yake ikakaa na makopo. Aliizibua, akaipaka rangi, akanifungia. Pikipiki ikawa kimya hata nikawa nasikia mnyororo. Na mimi nikaanza kubeba maziwa. Ndiyo, mimi. Ulinifundisha kuendesha kwenye uwanja wa shule ya msingi ukidhani ni mchezo, na tazama sasa. Wanaume wa kijiwe cha pikipiki waliniita Mama Moteur wiki moja, wakachoka. Nilipita kwenye kona ya mikaratusi kila siku taratibu, bila mlio, nikijiambia: mimi si mjinga kama kaka yangu.

Sasa nikueleze mambo yalivyobadilika kule juu, maana hujui.

Wanawake waliacha kuja njiani. Zamani ulikuwa ukifika, wamekwisha simama na maziwa yao, unamimina, unaandika, unaondoka. Mimi nilikuwa nafika, hakuna mtu. Nilizunguka zizi hadi zizi nikiita. Mmoja anatoka, mwingine ng'ombe wake hawapo, mwingine maziwa yamekaa tangu asubuhi yameanza kuchacha. Nilidhani wananidharau kwa kuwa mimi ni mwanamke. Baada ya Pasaka wale watu wenye bunduki walipanda wakachukua ng'ombe wa nyumba mbili, na kabla ya mvua kubwa wakarudi, wakachukua wengine na kumpiga mzee mmoja. Familia nne zilishuka kambini Kitshanga, sasa zinakaa chini ya mahema. Waliobaki walilaza ng'ombe porini, na ng'ombe anayelala porini hatoi maziwa ya maana. Mama alikataa kushuka. Ng'ombe wetu wanne, yeye na fimbo yake. Simu, unajua, hazishiki kule mpaka upande kanisani juu na uinue mkono.

Niliyaona yote hayo na sikuyaunganisha. Mimi niliyekuita wewe mjinga.

Halafu ikaja asubuhi ya ukungu. Ukungu ule wetu wa Masisi, mtu haoni mkono wake. Nilipanda polepole, nikafika kwenye zizi letu, nikazima, nikashuka, nikaanza kufungua mti wa mlangoni. Nikasikia, "Nani iko apo!" na kabla sijafungua mdomo panga likashuka. Lilipita hapa, karibu na sikio langu, likaingia kwenye bidoni ya njano na kukwama. Aliyelishika alikuwa mama yetu.

Alipoona ni mimi, aliliachia panga. Alikaa palepale kwenye matope ya zizi. Nilimshika nikidhani atazimia. Akasema, na sauti haikuwa yake, "Ulikuya kimya. Bantu ba kimya njo banakuyaka kutuua. Kwa nini ulikuya kimya?"

Nikamwambia nimekuja kimya ili nisife kama Bonane. Mama akaniambia jambo ambalo alikuwa amelificha mwaka mzima, na wewe ulilificha kabla yake, na bado sijui nani kati yenu nimkasirikie zaidi.

"Sauti ya kaka yako ikipita kona," alisema, "tunaleta maziwa. Ikikatika pa kona, tunapeleka ngombe mu pori. Bale bantu banamuachaka apite, kisha banamufuata pole pole, abaoneshe fasi ngombe ziko. Njo maana alikuwa anazima." Akafuta uso kwa mkono wenye matope. "Mimi njo nilimuomba."

Nilimuuliza, siku ile ulisikia?

"Nilisikia imekatika. Nikafukuza ngombe. Kisha nikasikia risasi." Alipumua. "Nikaendelea kufukuza ngombe."

Niliondoka bila kumuaga. Ndiyo, tena. Inaonekana ndivyo nilivyo, watu wangu wakinielemea nawaacha bila kuaga. Nilishuka mpaka nusu ya njia nikasimamisha pikipiki, nikakaa kwenye majani. Walikupungia mkono upite. Ukaona kwamba ukipita, wanawake watatoka na maziwa yao, na hao watu watakuwa nyuma yako. Ukazima. Na mimi nilikaa kwenye msiba wako nikiwaambia wageni kwamba ulikufa kwa ukaidi. Nisamehe, Bonane. Sijui kama huko mnasameheana au kazi hiyo imekwisha, lakini nisamehe.

Siku ya tatu nilikwenda kwa Papa Safari, nikamwambia nataka eshapema inayosikika. Nikuambie ukweli, sikutaka yako. Nilikuwa bado nina kisirani nayo. Nilitaka itumike nyingine yoyote. Papa Safari alikuwa na ile ya sport mpya kutoka Goma, fupi, ya rangi ya bluu mwishoni, ambayo vijana wote wa kijiwe wanaifunga. Alisema, "Iyi inalia kuliko ya kaka yako, na iko nyepesi, haivunje support." Aliifunga, akaiwasha ndani ya karakana, nikaziba masikio. Nikasema basi, hiyo hiyo.

Halafu nikakumbuka kwamba mama hayuko ndani ya karakana. Yuko ng'ambo ya bonde, nyuma ya mikaratusi. Nikamwambia Papa Safari asubiri. Nikapanda kwenye shamba la mtama kule ng'ambo, mahali ambapo kati yako na barabara kuna miti mingi na bonde, nikampungia kitenge ili awashe pikipiki na anifungulie gesi, ile ya mshikio wa kulia. Kwanza ile nyeusi ya orijini: sikusikia kitu, nilisikia mbuzi. Kisha ile ya sport. Kaka, ile iliyonizibisha masikio karakanani ilifika kule imekuwa mbu. Miti ilikuwa imeila yote. Na hicho kidogo kilichofika kilichanganyika na pikipiki nyingine zote za barabarani, maana kila kijana anayo. Hata mama mwenye masikio ya paka asingeweza kusema huyu ni wetu.

Nilishuka, nikamwambia aitoe ya kigari chekundu kutoka kwenye mfuko wa mchele. Tukaifunga kwa waya tu kwa muda. Nikapanda tena. Alipofungua gesi, sauti ilivuka bonde, ikapita kwenye miti kama vile haipo, ikanifikia hapa kifuani. Nene, ya chini, na hakuna nyingine ya namna ile barabara yote mpaka Pinga. Nilikaa chini katikati ya mtama.

Niliporudi, Papa Safari alikuwa anafuta mikono. Akasema, "Bonane pia alipanda palepale. Mara ine. Nilimuuliza kwa nini, alinicheka." Hata yeye hukumwambia. Siku zote zile nilizokuita mwenye majivuno, ulikuwa umesimama kwenye mtama ukisikiliza kama itamfikia mama.

Lakini usifikiri niliiweka vilevile. Vyuma vyako viwili vilikuwa vimepasuka, ulijua na hukushughulika, si ndiyo? Niliweka cha tatu, chini, kikibeba uzito. Lile bati lenye matundu uliloliweka ndani ili injini isipoteze nguvu lilikuwa limechakaa, nikamwambia Papa Safari akate jipya lenye matundu machache zaidi, maana mimi napanda polepole na nahitaji nguvu ya chini, sihitaji mbio. Baada ya hapo buji, ile plagi ya kuwashia injini, ikatoka nyeupe kama chaki, injini inakunywa hewa nyingi kuliko mafuta, tukabadilisha kile kitundu kidogo cha kabureta mpaka buji ikawa ya kahawia. Na nilikata debe la mafuta ya kupikia nikatengeneza kinga kati ya silansie na bidoni ya kulia. Bidoni ya kulia ndiyo iliyokuwa ikichacha kila mara na ulikuwa ukisema ni ng'ombe wa jirani yetu Mama Furaha. Haikuwa ng'ombe wa Mama Furaha. Ilikuwa joto la eshapema yako. Nilikwenda kumwomba radhi kwa niaba yako.

Siku ya kwanza nilipopanda nayo, mama alikuwa amesimama njiani amekunja mikono. Alikuwa amenisikia tangu kona. Hakuniamkia.

"Minakukataza, Espe. Nilisha zika moja. Rudisha ile ya kimya."

Nikamwambia, basi shuka Kitshanga ukae na mimi.

"Na ngombe? Ngombe haziwezi kukaa mu kambi."

Tukaangaliana. Wewe unajua mama akiamua, na unajua mimi nikiamua, na hukuwepo tena wa kusimama katikati na kutuchekesha. Nyuma yake wanawake walikuwa wanatokea mmoja mmoja na maziwa, wale waliobaki, wakitazama pikipiki kama wanaotazama mgonjwa aliyeinuka kitandani. Mama Furaha alikuwa analia waziwazi. Mama yetu alichukua bidoni yake mwenyewe, akamimina, akaifunga mpira kwa nguvu, akanigeuzia mgongo. Tangu siku hiyo hakunizungumzia habari ya eshapema. Lakini kila asubuhi alikuwa amesimama pale kabla ya wote.

Sasa nifike Alhamisi iliyopita.

Nilitoka Kitshanga jua limeshapanda kidogo, hakuna ukungu, barabara kavu. Wiki tano zilikuwa zimepita bila kitu na nilikuwa nimeanza kuimba njiani. Nilipoingia kwenye kona ya mikaratusi, mti ulikuwa umelazwa barabarani na wanaume wanne wamekaa juu yake. Wengine, sijui wangapi, niliwaona katikati ya miti wamechuchumaa. Mmoja aliinuka, akavuta mti pembeni. Akanipungia mkono. Pita, pita.

Bonane, alikuwa anatabasamu.

Njia ilikuwa wazi mbele yangu. Nikipita, ningekuwa nyumbani baada ya dakika chache, na mama angekuwa amesimama njiani na bidoni. Nilikuwa na gesi mkononi. Nataka nikuambie nilifikiri nini, na siwezi, kwa sababu sikufikiri. Mkono wa kushoto uliachia gesi... hapana, wa kulia, unaona, hata sasa nachanganya. Nilizungusha ufunguo. Mlio ukakatika.

Sijawahi kusikia ukimya wa namna ile. Yule mtu akaacha kutabasamu.

"Kwa nini unazima? Nilikuambia upite."

"Ilikufa yenyewe, papa," nikasema. "Eshapema iko mubaya."

Alizunguka pikipiki. Akachutama, akaitazama silansie yako. Akasema, "Iyi iko ya gari," na akanyoosha mkono akaishika. Mlima mzima nimeupanda nayo, ilikuwa moto wa kukaangia mayai. Aliruka akapiga yowe, na wenzake wakacheka, wakacheka sana, mmoja akashika tumbo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejikojolea, kaka. Sketi yote. Nilibana miguu ili wasione na nikaomba Mungu kwa maneno ambayo hayakuwa na mpangilio.

Aliyeungua alinipiga kofi, la nyuma ya mkono, kwa mkono ule usioungua. Kisha mkubwa wao akasema wapande tu, njia wanaijua. Waliniacha na mmoja, wengine wakapanda. Niliambiwa nikae chini. Nikakaa. Yule mlinzi akatoa hindi la kuchoma mfukoni akawa analila.

Nilisikiliza. Ng'ombe mmoja tu akilia kule juu, wangejua. Mtoto mmoja akiita. Risasi moja. Nilikuwa nasikiliza kwa mwili wote, mpaka nikasikia punje za hindi mdomoni mwake. Nikawaza kwamba labda mama leo amechelewa kuelewa, labda amezeeka, labda ameng'ang'ana na ng'ombe yule mweusi asiyependa kutembea. Nikawaza kwamba wewe hukupewa hata muda huo wa kukaa. Na nikajua jambo ambalo nilikuwa sijalijua mwaka mzima: uliogopa. Siku zote nilikuona umesimama pale unabishana, kifua mbele. Sasa najua haikuwa hivyo. Uliogopa kama mimi, na mkono ukazungusha ufunguo.

Walirudi baada ya muda mrefu. Mikono mitupu. Walikuwa wamekasirika, wamevunja milango, wamechukua sufuria mbili na kuku. Mkubwa wao alinitazama, akaitazama pikipiki, na nikaona anafikiri. Nilikodolea macho vidole vya miguu yake. Kisha yule aliyeungua akasema twende, mkono unamuuma, na wakaingia kwenye miti kuelekea upande wa pili. Hivyo tu. Wewe walikupiga risasi na mimi waliniacha, na sijui kwa nini, na usiniulize.

Nilikaa mpaka nisiwasikie tena. Nilipopanda pikipiki nilipiga kiki mara ya kwanza ikakataa, ya pili ikakataa, ya tatu ikawaka. Nikafungua gesi yote. Haikuwa ishara yoyote, hatukuwa tumepatana ishara ya namna hiyo. Nilifungua tu, palepale kwenye kona, nimesimama, gesi mpaka mwisho, mpaka ndege wakatoka kwenye mikaratusi.

Mama alikuwa kule porini na ng'ombe wanne na wanawake wa nyumba saba. Mama Furaha ndiye aliyenisimulia, kwa sababu mama mwenyewe hawezi. Anasema mlio ulipokatika mama aliwasogeza wote haraka, hakupoteza hata hatua moja. Wakafika kwenye miti minene, wakakaa. Kisha mama akaenda pembeni peke yake, akaziba masikio yake kwa viganja viwili. Alikaa hivyo muda wote ule. Hakutaka kusikia risasi mara ya pili.

Mama Furaha anasema yeye ndiye aliyesikia kwanza. Alimwendea mama, akaishika mikono yake, akaibandua masikioni. Mama alikataa, wakavutana. Akamwambia, "Sikiliza, mama. Sikiliza. Imewaka."

Nilipofika kwenye zizi mama alikuwa anashuka kutoka porini anakimbia, mwanamke wa umri ule. Hakuniuliza kitu. Alipitisha mkono usoni kwangu pale palipovimba, akaona sketi, akanivua na kunivalisha kitenge chake mwenyewe, kama ningekuwa na miaka mitatu. Siku hiyo hatukubeba maziwa. Tuliyanywa, wote, pale pale zizini.

Kaka yangu, sasa naondoka, kesho nina safari. Lala salama huko uliko. Sina ahadi kubwa ya kukupa. Siwezi kukuahidi kwamba sitazima tena, kwa sababu wakinipungia mkono nipite nitazima, sasa najijua. Na mama siwezi kumshusha, tulishajaribu wote wawili. Ninachokuahidi ni hiki kimoja: kila nitakapozima, nitawasha tena. Najua jambo hilo si langu kuamua. Nakuahidi hivyo hivyo, maana kuna mtu kule juu amekaa na mikono masikioni.

Safari njema, Bonane.

Dada yako,
Espe